Maji Safi, Maji Salama: Historia ya Kuhifadhi Vyanzo na Kutibu Maji katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kuhifadhi vyanzo na kutibu maji ya kunywa katika eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, kutoka Masafu na vijiji vya Samia hadi Tororo na Busia ya Kenya. Hoja yake ni kwamba kwa muda mrefu fedha na ufundi vilielekezwa kwenye chanzo, ilhali sehemu kubwa ya hatari ilikuwa kati ya chanzo na kinywa cha mnywaji. Makala inadai pia kwamba jambo hilo lilichelewa kutambuliwa kwa kuwa maneno safi na salama, kuhifadhi na kutibu, yalitumiwa kana kwamba yana maana moja. Suala la istilahi linajadiliwa hapa kama sehemu ya historia yenyewe ya huduma ya maji.

Utangulizi

Masafu ni mji mdogo katika wilaya ya Busia nchini Uganda, kusini-magharibi mwa mji wa mpakani wa Busia, unaojulikana zaidi kwa hospitali yake. Hadi mwaka 1997 eneo hilo lilikuwa ndani ya wilaya ya Tororo. Kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya Samia-Bugwe katika Bukedi. Ng'ambo ya mpaka kuna Busia nyingine, ya Kenya, ambako Wasamia na Wateso wana ndugu, mashamba na masoko. Kiswahili ndicho lugha inayowakutanisha sokoni watu wanaozungumza Kisamia, Kiteso na Kijopadhola majumbani mwao.

Hii si nchi kame. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, chemchemi ni nyingi, na Ziwa Viktoria haliko mbali. Kwa hiyo historia ya maji katika eneo hili si ya kiu, na msomaji aliyezoea simulizi za Turkana au Karamoja hana budi kubadili mtazamo. Swali la hapa tangu mwanzo lilikuwa la aina nyingine: maji yapo, yanaonekana, aghalabu yanang'aa, lakini je, yanafaa kunywewa na mtoto wa miezi minane?

Mpaka uliochorwa juu ya maji

Mwaka 1902 Uingereza iliihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Amri ya mwaka 1926 ndiyo iliyoeleza mpaka kwa kina, na maelezo yake ni orodha ya mito: kutoka mlango wa mto Sio katika Ziwa Viktoria, kuupanda mto huo, kisha kupitia vijito hadi Malaba na Lwakhakha, na kuelekea Mlima Elgon. Waliochora walitafuta alama isiyohamishika kwa urahisi. Walichopata ni vyanzo vya maji vilivyogawiwa serikali mbili.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Mto Sio humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Malaba na Malakisi huelekea magharibi, kupitia Mpologoma, hadi Ziwa Kyoga. Kwa utaratibu wa Uganda wa kanda nne za usimamizi wa maji, Sio iko chini ya kanda ya Viktoria na Malaba chini ya kanda ya Kyoga, yenye makao yake Mbale. Kwa upande wa Kenya mito yote hii huhesabiwa katika bonde moja kuu, la kaskazini mwa Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 2000 nchi hizo mbili, chini ya mwavuli wa Mpango wa Bonde la Mto Nile, zilianza mradi wa pamoja wa bonde la Sio, Malaba na Malakisi. Jina la mradi linaonyesha ugumu wenyewe: ni mito mitatu ya mabonde mawili iliyofungwa pamoja kwa sababu ya mpaka, si kwa sababu ya mtiririko.

Chini ya ramani hizo za serikali kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikuandikwa. Chemchemi nyingi za Busia ziko ndani ya mashamba ya watu binafsi, lakini desturi humzuia mwenye shamba kumnyima jirani maji au kumtoza. Sheria za nchi zilikuja baadaye na kutamka umiliki wa aina ya tatu: sheria ya maji ya Uganda ya mwaka 1995, na zile za Kenya za mwaka 2002 na 2016, ziliyaweka maji mikononi mwa dola. Basi chemchemi moja ikawa na wenyewe watatu: mwenye shamba, majirani, na serikali. Swali la nani atakayeijengea na kuifanyia usafi halikujibiwa na yeyote kati yao, na lilisubiri wafadhili.

Wafini upande mmoja, Wadenishi upande wa pili

Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira. Magharibi mwa Kenya muongo huo ulikuja kwa sura ya Kifini: programu ya ushirikiano wa Kenya na Finland, iliyojulikana kwa kifupi kama KEFINCO, ilichimba visima, ikafunga pampu za mkono na kujengea chemchemi katika Kakamega, Bungoma na Busia. Uganda, iliyokuwa ikitoka vitani, ilisubiri kidogo. Mwaka 1991 ulianza mradi wa maji na usafi vijijini mashariki mwa Uganda, RUWASA, kwa fedha za Denmark, na Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha Masafu, ilikuwa miongoni mwa wilaya zake.

Kazi ya miradi hiyo miwili ilifanana mno. Kujengea chemchemi ni ufundi wa kawaida unaofahamika na fundi mwashi yeyote: huchimbwa hadi mahali maji yanapotokea ardhini, hufunikwa kwa mawe, udongo mfinyanzi na zege, maji hutolewa kwa bomba kupitia ukuta, mtaro huchimbwa upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie, na uzio hujengwa kuzuia ng'ombe. Visima virefu vilifungwa pampu. Uganda ilichagua pampu ya U2, iliyotokana na pampu ya Kihindi iitwayo India Mark II, ili vipuri na mafunzo ya mafundi viwe vya aina moja nchi nzima. Kila chanzo kilipewa kamati ya watumiaji, na sera ya taifa ya maji ya Uganda ya mwaka 1999 ikathibitisha kwamba gharama za matengenezo ni za wananchi wenyewe.

Katika miji mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda liliundwa mwaka 1972 kuhudumia Kampala, Entebbe na Jinja, likapanuka baadaye hadi miji kama Tororo. Mjini maji ya mto hutiwa shabu ili tope litulie, huchujwa katika mchanga, kisha hutiwa klorini kabla ya kuingia katika mabomba. Tofauti kati ya mji na kijiji, kwa hiyo, haikuwa ya umbali wa bomba pekee. Maji ya mjini yalitibiwa, ya kijijini yalihifadhiwa. Ripoti ziliyahesabu yote mawili katika safu moja.

Safu hiyo ilikuwa na jina: chanzo kilichoboreshwa. Malengo ya Milenia yalipimwa kwa aina ya chanzo, si kwa maji yaliyomo. Kisima chenye pampu kilihesabiwa, chemchemi iliyojengewa ilihesabiwa, bomba lilihesabiwa, dimbwi halikuhesabiwa. Kipimo hicho kilikuwa rahisi kukusanya, na hilo si jambo la kudharau, kwa kuwa hakuna wizara iliyokuwa na maabara ya kupima kila jerikeni. Machi 2012 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa lengo la dunia kuhusu maji lilikuwa limefikiwa mwaka 2010, miaka mitano kabla ya wakati. Tangazo hilo lilikuwa la kweli kwa vyanzo. Kuhusu maji lilinyamaza.

Chemchemi karibu 200

Busia ya Kenya, kwa bahati, ndiyo mahali ambapo ukimya huo ulivunjwa mapema kuliko pengi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wanauchumi Michael Kremer, Edward Miguel, Jessica Leino na Alix Zwane walishirikiana na shirika lililokuwa likijengea chemchemi katika Busia na Butere-Mumias. Fedha hazikutosha kujengea chemchemi zote kwa mkupuo mmoja, hivyo zile za awamu ya kwanza zilichaguliwa kwa kura na nyingine zikasubiri. Kungoja huko, ambako kwa kawaida ni kero tu, kuliwapa watafiti kipimo: chemchemi karibu 200 zililinganishwa, pamoja na nyumba za watu waliochota humo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye chemchemi yenyewe, vimelea vinavyoashiria kinyesi vilipungua kwa asilimia 66. Ndani ya nyumba upungufu ulikuwa mdogo zaidi. Kuharisha kwa watoto kulipungua kwa takriban robo, faida ambayo mzazi yeyote angeipokea. Hata hivyo, pengo kati ya bomba la chemchemi na mtungi wa nyumbani lilikuwa limeonekana kwa tarakimu. Maji yaliyotoka yakiwa mazuri yalichafuka tena katika jerikeni isiyooshwa ndani, katika mtungi usiofunikwa, katika kata inayotumbukizwa na kila mkono wa nyumba.

Watafiti hao waliuliza pia swali la umiliki. Je, kama mwenye shamba angeruhusiwa kutoza, angeijengea chemchemi yake? Walikokotoa thamani ambayo watu wenyewe waliipa chemchemi iliyojengewa, kwa kupima umbali wa ziada waliokuwa tayari kutembea ili kuifikia, wakaona ni ndogo mno kulinganishwa na faida ya afya inayotajwa na wapangaji wa sera. Desturi ya kutomnyima jirani maji ilionekana kuwa na manufaa kwa wanakijiji kuliko soko la chemchemi. Washauri wa sera wanaopendekeza kubinafsisha vyanzo vya vijijini wangefanya vyema kuanza na ukurasa huo.

Upande wa Uganda, utafiti mwingine ulikuwa umekwisha kufika mahali pale pale kwa njia tofauti. Katika Tororo, kundi lililoongozwa na John Lule liliwafuatilia zaidi ya watu 500 wanaoishi na VVU pamoja na jamaa zao. Baadhi walipewa chombo cha lita 20 chenye bomba dogo na mfuniko, pamoja na klorini ya kutia majini. Mwaka 2005 kundi hilo liliripoti kwamba vipindi vya kuharisha vilipungua kwa asilimia 25, na siku za kuugua kwa asilimia 33. Kwa waliotumia pia dawa ya kotrimoksazoli, vipindi vilipungua kwa asilimia 67. Chanzo cha maji hakikuguswa. Kilichobadilika ni chombo na kilichomo.

Dawa ya maji

Hapa historia ya ufundi inakutana na historia ya maneno. Katika mazungumzo ya kila siku klorini ya nyumbani huitwa dawa ya maji. Neno dawa katika Kiswahili lina pande mbili: dawa ya kikohozi humponya anayeinywa, dawa ya panya humuua. Dawa ya maji iko wapi kati ya hizo? Harufu yake ni kali, na mtu mwenye shaka ana sababu ya kilugha ya kuwa nayo. Kitenzi kutibu nacho, kilichotoka katika utabibu, hudokeza kuwa maji ni mgonjwa. Mwenye chemchemi inayong'aa haoni mgonjwa yeyote.

Ndipo neno safi linapoleta taabu. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili ni la kilicho angavu, kisicho na takataka, na matumizi ya Kiswahili hayajaenda mbali na hapo. Salama ni neno la kukosekana kwa hatari. Fungu la maneno maji safi na salama, linalosikika katika hotuba na kwenye mabango kotekote Afrika Mashariki, huyafunga mawili hayo kwa kiunganishi na kuyafanya yaonekane kuwa pacha. Mazingira ya Busia na Tororo yanayatenganisha kila siku. Maji ya chemchemi katika jerikeni chafu ni safi na si salama. Maji ya kisima kirefu ambacho mabomba yake ya chuma yameliwa na kutu hutoka mekundu, huacha rangi kwenye nguo na chai, na huachwa na watu wanaorudi kwenye chemchemi. Aghalabu hayo ndiyo salama zaidi, lakini si safi. Uganda ilipopiga marufuku mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki katika pampu za mkono mwaka 2016, ilikuwa inashughulikia usafi ili kuokoa usalama.

Kuuza klorini katika chupa madukani hakukufanikiwa sana. Majaribio yaliyofanywa Busia yalionyesha kwamba hata punguzo la nusu ya bei liliwavuta wachache, na kwamba kampeni za uhamasishaji ziliongeza matumizi kidogo tu. Kilichobadili hali ni tangi dogo la klorini lililowekwa kwenye chemchemi yenyewe, bila malipo, lenye vali inayotoa mililita 3 kwa jerikeni ya lita 20. Mchotaji huzungusha vali, huteka maji, na safari ya kurudi nyumbani huchanganya klorini kwa niaba yake. Karibu dakika 30 baadaye maji yako tayari, na klorini inayobaki humo huendelea kuyalinda ndani ya mtungi. Katika majaribio ya awali, zaidi ya nusu ya nyumba zilitumia, kwa sehemu kwa sababu jirani anaonekana na jirani anapofanya hivyo. Kuanzia mwaka 2013 shirika la Evidence Action lilieneza vifaa hivyo Kenya, mashariki mwa Uganda na Malawi.

Si kila ushahidi ulielekea upande mmoja. Jaribio kubwa lililofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, mashariki tu ya Busia, lilichapishwa mwaka 2018 na kueleza kwamba klorini, vyoo na sabuni havikupunguza kuharisha kwa watoto kwa kiwango kinachopimika. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa Kremer na wenzake uliokusanya majaribio ya nchi mbalimbali uliona kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo. Tofauti hizi hazina budi kusomwa kwa makini: klorini haiui vimelea vyote, maji yenye tope huila kabla haijafanya kazi, na tangi tupu halitibu chochote.

Suala la tangi tupu ndilo la fedha. Chemchemi hujengewa mara moja, na jiwe la msingi huweza kuzinduliwa na mheshimiwa. Klorini hununuliwa na kusafirishwa kwa pikipiki kila mwezi, miaka yote, bila sherehe. Kwa muda fulani sehemu ya gharama ililipwa kwa kuuza hati za kaboni, kwa hoja kwamba mtu anayetia klorini hahitaji kuni za kuchemshia maji, ingawa wengi wa watu hao hawakuwa wakichemsha. Bajeti za wilaya na kaunti zilizoandaliwa kwa lugha ya vyanzo hazina kifungu cha klorini ya kijijini. Zina ujenzi na ukarabati.

Klorini inapofika mwisho wake

Katika wilaya ya Busia ya Uganda, Tira na maeneo jirani, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamata chembe za madini. Zebaki hiyo huingia katika vijito na udongo. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, lakini mkataba hauchuji kijito. Hapa tofauti ya istilahi inageuka: klorini huua vimelea na haigusi metali, kuchemsha hakusaidii, na maji huweza kuwa safi kwa jicho, yaliyotibiwa kwa kitaalamu, na bado yasiwe salama. Dawa pekee ni kwenye chanzo, yaani kuhifadhi kwa maana yake ya asili: kuzuia kitu kisifike. Vijito vya mpakani havisimami kwenye mpaka, na zebaki iliyomwagwa upande mmoja huwa tatizo la afya la upande wa pili.

Kwa hiyo makala hii haidai kwamba chanzo kisahauliwe kwa ajili ya mtungi. Inadai kwamba kuhifadhi na kutibu ni kazi mbili zenye gharama mbili, wahusika wawili na vipimo viwili, na kwamba mpango unaozitaja kwa neno moja utaifanya ile yenye kuonekana na kuiacha nyingine.

Istilahi na kipimo

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kwa mpaka wa Busia, ambako Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya soko, uamuzi huo una maana ya kiutendaji: miongozo ya kamati za maji, kadi za watunza tangi la klorini na mikataba ya bonde la Sio, Malaba na Malakisi inaweza sasa kuandikwa kwa lugha moja pande zote mbili. Itakapoandikwa, kuchagua kati ya safi na salama hakutakuwa jambo la mhariri peke yake. Kuhifadhi chanzo, kutibu maji na kutunza chombo yanafaa kubaki vitenzi vitatu tofauti, na chanzo kilichoboreshwa kisifasiriwe kuwa chanzo salama.

Kipimo nacho kimeanza kubadilika. Tangu Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015, huduma ya maji huhesabiwa kuwa inasimamiwa kwa usalama pale tu maji yanapopatikana nyumbani, wakati yanapohitajika, na yakiwa hayana kinyesi wala kemikali hatari. Katika tafiti za kaya za UNICEF sasa mpimaji huchukua maji kwenye chanzo, na pia humwomba mwenye nyumba amletee glasi ya maji ambayo watu wa nyumba hiyo hunywa kwa kawaida. Glasi hiyo hupimwa vimelea, na ombi lenyewe halina ndani yake neno safi wala neno salama.